Nani Ashike Funguo? Madaraka ya Mwalimu Mkuu na Ari ya Walimu wa Delta

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili, Kibiti)

 

Nimeombwa niseme juu ya nyumba za walimu. Ombi lililo mezani mnalijua. Ni nyumba za walimu wa shule za msingi za delta, katika kata za Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala. Ramani imekwisha chorwa, makisio ya saruji, mabati na nauli za boti yamekwisha andikwa, na mchana huu kamati itaamua kama ombi liende kwa wafadhili kama lilivyo au lirudi kurekebishwa. Mimi sina ugomvi na ramani. Ninalotaka tulizungumze halimo kwenye ramani: nyumba zikiisha, nani atashika funguo, naye atazitumiaje?

Wapo watakaosema swali hilo si la Kanisa. Shule ni za Serikali, na mwalimu mkuu ana wakubwa wake. Ni kweli. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za mashirika ya dini ziliwekwa chini ya Serikali, na hatuko hapa kuzidai. Ila shule zilitaifishwa, watoto hawakutaifishwa. Bado ni wa kwetu, wa msikitini na wa kanisani, na mwalimu anayekata tamaa anakata tamaa mbele yao.

Sasa tumtazame mwalimu mkuu. Ukiuliza mjini watakuambia mtu huyu hana madaraka ya maana. Haajiri, hafukuzi, halipi mshahara, hapandishi mtu daraja. Walimu wanapangwa na TAMISEMI. Mambo ya utumishi na nidhamu yako kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na mwalimu mkuu ni mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi tu, yale ya kuonya na kukaripia. Fedha za ruzuku tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, lakini matumizi yake yana miongozo. Anapata posho ya madaraka, ambayo ilipoanzishwa kwa walimu wakuu wa shule za msingi ilikuwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni karani mwenye cheo.

Lakini panda boti pale Nyamisati, ingia delta, ukae wiki moja shuleni. Utaona kwamba madaraka yale ambayo mjini ni madogo, kule kisiwani ni makubwa mno. Chukua ruhusa. Mwalimu wa hapa Kibiti mjini akitaka kufuatilia malimbikizo yake halmashauri, anaomba saa mbili, anavuka barabara ya Kilwa, anarudi kabla ya kipindi cha mwisho. Mwalimu wa Mbwera au Msala haombi saa mbili. Anaomba siku tatu au nne, kwa sababu boti inakwenda na maji, na maji hayasubiri ratiba ya masomo. Maji mafu yakimkuta njiani, anaweza kulala akisubiri mlango wa mto upate kina. Zamani, kabla Kibiti haijawa wilaya inayojitegemea, ilibidi afike mpaka Utete, ng'ambo ya mto. Siku hizi simu na mawakala wa benki wamepunguza safari za mshahara, na maombi ya uhamisho yanaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, lakini mtandao wenyewe unautafuta kwa kuusimamia kichuguuni. Bado kuna mtoto wa kupeleka hospitali, bado kuna kuzika. Kwa hiyo neno moja la mwalimu mkuu, "nenda" au "baki", lina uzito ambao sheria haikuuandika popote.

Hali kadhalika semina. Nadhani hapa walimu waliomo ukumbini watanielewa kuliko wageni. Barua inatoka halmashauri: leteni mwalimu mmoja kwa mafunzo ya siku tano. Mafunzo yana posho ya kujikimu, na kwa mwalimu wa daraja la chini posho ya siku tano si kitu cha kuchezea. Jina analipeleka nani? Mwalimu mkuu. Kazi za muda nazo zinapita njia hiyo hiyo. Kazi kama usimamizi wa mitihani, uandikishaji, au Sensa ya mwaka 2022 ambayo walimu wengi nchini walifanya wakiwa makarani, huanza na fununu kutoka juu, na mwenye fununu wa kwanza kisiwani ni mwalimu mkuu. Anaweza kuisoma barua mbele ya wote asubuhi ile ile, au akaiweka mfukoni mpaka jioni.

Na nyumba. Katika kijiji kisicho na nyumba za kupanga, chenye maji ya chumvi kisimani na mbu kuanzia saa kumi na mbili, nyumba ya shule ndiyo maisha yenyewe ya mwalimu. Mwalimu wa kike, kijana, aliyepangiwa kituo chake cha kwanza, ambaye hajapata kuona mkoko maishani mwake, anashuka kwenye boti na sanduku lake. Yule anayempa au kumnyima chumba chenye mlango wa kufungika ameshika heshima yake na usalama wake mkononi. Sisemi kwamba walimu wakuu wetu ni watu wabaya. Wengi ninaowafahamu ni watu wa haki. Nasema tu kwamba hakuna mtu, hata mwenye haki, anayepaswa kushika funguo za namna hiyo peke yake, bila daftari na bila shahidi.

Wataalamu wamelichambua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1959 John French na Bertram Raven wa Marekani walieleza kwamba nguvu ya mtu juu ya mwenzake ina vyanzo vitano. Ipo nguvu ya cheo: nakutii kwa sababu umeteuliwa. Ipo ya thawabu, na ipo ya adhabu. Ipo ya ujuzi: nakufuata kwa sababu unaijua kazi kuliko mimi. Na ipo ile ya tano, ya mtu kupendwa na kuheshimiwa hadi wenzake watamani kufanana naye. Wasomi wengi waliokuja baadaye, wakizichunguza shule na ofisi za nchi mbalimbali, wamekuta mwelekeo unaofanana: mkuu akitegemea ujuzi na heshima, walio chini yake huridhika zaidi na kazi, akitegemea adhabu, huridhika kidogo. Halihitaji shahada kulielewa. Kinachohitaji kufikiriwa ni kwa nini, pamoja na kulijua, adhabu bado ndiyo ya kwanza kukimbiliwa.

Tanzania tuna mfano ambao haujasahaulika. Februari 2009, wilayani Bukoba, Mkuu wa Wilaya wa wakati huo, Albert Mnali, aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko, na askari ndiye aliyechapa. Sababu iliyotolewa ilikuwa matokeo mabaya ya mtihani wa darasa la saba, uchelewaji na utoro. Rais Kikwete alimwondoa madarakani. Nchi nzima ilishtuka, na ilikuwa haki kushtuka. Lakini mimi huwa najiuliza kwa nini ilionekana kwa mtu mzima, msomi, kwamba fimbo ingeleta ufaulu. Nadhani ni kwa sababu adhabu huonekana haraka. Ukimkaripia mwalimu leo, kesho atawahi. Hutaona kwamba amewahi mwili tu.

Na hapo kuna takwimu ambayo ningeomba wajumbe waishike. Utafiti wa Benki ya Dunia uliofanyika mwaka 2014 katika shule za msingi nchini ulipima mambo mawili tofauti. Kwanza, je, mwalimu yupo shuleni? Pili, je, yupo darasani anapotakiwa kuwa anafundisha? Ulipofanyika mara ya kwanza mwaka 2010, kiasi cha walimu 23 kati ya 100 hawakuwepo shuleni. Mwaka 2014 walikuwa wamepungua hadi 14 hivi. Ufuatiliaji ulifanya kazi. Lakini darasani? Karibu nusu ya walimu hawakuwemo madarasani mwao mwaka 2014, kutoka zaidi kidogo ya nusu mwaka 2010. Kwa maneno mengine, mwalimu aliyekuwa haji sasa anakuja, anasaini kitabu cha mahudhurio, anakaa chini ya mwembe.

Mwembe huo nimeuona. Katika shule moja ambayo sitaitaja, si ya delta, kuna faili la barua za kutakiwa kutoa maelezo: kwa nini ulichelewa, kwa nini huna andalio la somo, kwa nini ulijibu hivi. Barua zimeandikwa vizuri, kwa kumbukumbu namba na muhuri. Walimu wote wanasaini saa moja na nusu kamili. Na nilipopita madarasani saa nne, mwanafunzi wa darasa la sita alikuwa ubaoni anawanakilisha wenzake kutoka kwenye daftari la mwalimu. Hakuna barua inayoweza kuandikwa juu ya hilo, kwa kuwa mwalimu yupo. Amewahi. Ana andalio. Amechukua kila alichotakiwa kukileta, akaacha nyumbani kile ambacho hakiwezi kudaiwa kwa barua.

Wasomaji wa Biblia mtamkumbuka Rehoboamu, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 12. Watu hawakuukataa ufalme wake, walimwendea wakiomba mzigo upunguzwe. Wazee wakamshauri awe mtumishi wao siku ile, vijana wenzake wakamshauri aonyeshe ukali zaidi ya baba yake. Aliwasikiliza vijana, na makabila kumi yakaondoka. Mwalimu wa delta hana pa kuondokea haraka hivyo. Anaondoka kwa kuomba uhamisho, na akisubiri uhamisho miaka mitatu, miaka hiyo mitatu ndiyo darasa la kwanza, la pili na la tatu la mtoto fulani.

Basi tuache adhabu, tutoe thawabu? Wageni wetu mara nyingi huniuliza hivyo, na ni swali jema. Twaweza walilijaribu katika mradi wa KiuFunza ulioanza mwaka 2013, kwenye shule 350 za wilaya 10. Baadhi ya shule zilipewa fedha za ruzuku, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, bila sharti. Nyingine walimu waliahidiwa bahshishi kwa kila mtoto atakayefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata yote mawili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ruzuku peke yake haikuinua kujifunza kwa watoto. Bahshishi peke yake ilitoa matokeo ya kusitasita. Yote mawili pamoja yalifanya kazi vizuri. Mimi najifunza hapo mambo mawili. Kwamba vifaa na nyumba, bila mwalimu mwenye ari, ni mapambo. Na kwamba thawabu ile ilifanya kazi kwa sababu kanuni yake ilijulikana na wote tangu mwanzo: mtoto akifaulu, unalipwa. Haikutegemea kama mwalimu mkuu amekununia. Thawabu inayotegemea uso wa mkuu ni adhabu iliyovaa kanzu, maana asiyepewa ameadhibiwa, na hajui kosa lake.

Mwaka ule ule wa 1959, Frederick Herzberg na wenzake walichapa kitabu chao juu ya kinachomsukuma mtu kufanya kazi. Walisema mshahara na mazingira vikiwa vibaya vinamchukiza mtu, lakini vikiwa vizuri havitoshi kumpa ari. Ari inatoka katika kutambuliwa, kupewa dhamana, na kazi yenyewe. Walifundishwa hayo na wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh. Kwa heshima zote, mhasibu wa Pittsburgh hakuwahi kusubiri maji yajae huku mtoto wake ana homa. Kwa mwalimu wa Kiongoroni, ruhusa inayotolewa kwa haki ni mazingira ya kazi na pia ni kutambuliwa, huwezi kuvitenganisha. Lakini sehemu ya maneno yao tuliiona hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulikwama kwa watumishi wengi kwa miaka kadhaa, na nyongeza ya mwaka ya mshahara haikurejea hadi 2023. Katika kipindi chote hicho hakuna mwalimu mkuu aliyekuwa na fedha ya kumtuliza mtu. Hata hivyo shule hazikufanana. Zipo zilizokufa ganzi, zipo zilizoendelea kufundisha.

Mojawapo ya zilizoendelea iko ndani delta. Mwalimu mkuu wake alikuwa mama wa makamo. Nilipofika nilikuta ukutani ofisini karatasi ya manila iliyopigwa mistari kwa kalamu: tarehe za bamvua za muhula mzima, na mbele ya kila bamvua majina mawili ya walimu. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya kutoka. Wenye zamu walikwenda Kibiti maji yakiwa mazuri, wakabeba shida za wenzao wote: fomu, dawa, betri, barua. Vipindi vyao viligawanywa mapema kwa waliobaki. Dharura ya ugonjwa na msiba haikuhesabiwa. Nikamuuliza nani aliyepanga, akasema, "Wamepanga wenyewe, mimi nilileta kalamu." Nikamuuliza kama haoni amepoteza madaraka yake. Akacheka, akasema zamani kila jioni alikuwa na foleni ya watu mlangoni wenye visingizio, sasa analala.

Mama huyo alikuwa pia anafundisha hisabati darasa la saba, vipindi vyote, na walimu vijana walikuwa wanakaa nyuma ya darasa kumtazama anavyofundisha sehemu. Hiyo ndiyo nguvu ya ujuzi. Ni nguvu ambayo mwalimu mkuu anaipoteza siku anapoacha chaki na kuwa mtu wa taarifa. Vishikwambi vilivyogawiwa kwa walimu baada ya Sensa vilikuwa vinatumika kwake, mikononi mwa walimu. Kwingine nimeviona vimefungiwa kabatini, visije vikaharibika.

Nisije nikaonekana nawalaumu walimu wakuu tu. Mtu huyu amebanwa. Mara nyingi aliteuliwa kwa kuwa alifundisha vizuri, akapewa muhuri na faili bila kufundishwa kuongoza. Chuo kipo, ADEM, tena Bagamoyo, mkoani kwetu huku huku Pwani, lakini kutoka delta hadi Bagamoyo kuna nauli na siku ambazo hakuna aliyezitenga. Juu yake kuna Afisa Elimu Kata, halmashauri, wathibiti ubora, na kila mmoja anataka taarifa yake. Mfumo wa zamani wa tathmini, ule wa OPRAS ulioanza mwaka 2004, ulikuwa wa fomu za kujaza na kuhifadhi. Ulioufuata, PEPMIS, unamtaka aidhinishe kazi za kila mwalimu kwenye mtandao, kisiwani, penye mtandao wa kichuguuni. Anayepokea amri kutwa nzima hujifunza kutoa amri. Hajaonyeshwa namna nyingine.

Na katika wilaya hii ya Kibiti kuna jambo la ziada ambalo tunaliongea kwa sauti ya chini. Mwaka 2017 watu waliokuwa na dhamana vijijini, wenyeviti, watendaji na askari, waliuawa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili mwaka huo askari polisi wanane waliuawa kwa mara moja. Wenye cheo walijifunza kukaa kimya, wananchi wakajifunza kutowasogelea. Amani imerudi, tunamshukuru Mungu. Lakini mazoea ya kufanya mambo kimya kimya, bila ubao wa matangazo na bila mkutano, hayakuondoka yote pamoja na hofu. Yalipokuja mafuriko ya Aprili 2024 hapa Kibiti na kule Rufiji, lilikuwa jambo la kujua haraka nani aamue watoto waende wapi na vitabu vipandishwe wapi. Shule ambayo kila uamuzi unamsubiri mtu mmoja, na mtu huyo yuko halmashauri na taarifa, maji hayaisubiri.

Ndiyo maana napendekeza ombi letu lirudi kidogo kabla ya kwenda. Namfikiria Yethro, mkwe wa Musa, aliyemwona mkwewe akiamua kila jambo tangu asubuhi hata jioni, naye hakumwambia Musa ni mtu mbaya. Alimwambia atachoka, yeye na watu wote, akamshauri agawe kazi. Kugawa kazi katika mradi huu ni vitu vidogo sana, na sehemu kubwa haina gharama. Nyumba zigawiwe kwa kanuni iliyoandikwa na kubandikwa ukutani: anayetoka mbali kwanza, mwalimu wa kike asiye na ndugu kijijini kwanza, wenye watoto wadogo wafuate, mwenye nyumba yake kijijini asipewe. Ugawaji ufanywe na kamati ya shule pamoja na wawakilishi wawili wa walimu, mmoja awe mwanamke, na uandikwe katika muhtasari. Mwalimu mkuu awe mjumbe, asiwe mwenye kauli ya mwisho. Akihamishwa mwalimu, funguo zirudi kwa kamati, zisirudi mfukoni.

Aidha, shule itakayopata nyumba ikubali kubandika ruzuku inayoingia na ilivyotumika, kila robo mwaka, mahali ambapo mama anayeleta mtoto anaweza kusoma bila kuingia ofisini. Barua za semina zisomwe katika kikao cha walimu, na iwepo orodha ya kupokezana. Zamu ya kutoka nimekwisha isema. Wapo wajumbe walioniambia jana kwamba masharti haya yatawaudhi walimu wakuu na huenda shule nyingine zikakataa nyumba. Inawezekana. Nimezungumza na baadhi yao, wapo walionuna. Wapo pia walioshusha pumzi, maana mwalimu mkuu mwenye kanuni ukutani ana jibu la kumpa diwani anayemtaka ampe shemeji yake chumba.

Kwa wageni wetu wafadhili nina ombi moja gumu. Fomu za taarifa zinauliza nyumba ngapi zimekamilika, na picha ya jengo lenye bati jipya inapendeza katika jarida. Naomba fomu iongezwe swali: mwaka mmoja baada ya kukabidhi, nani anakaa ndani, na aliingiaje? Na mkifika shuleni, tafadhali msizungumze na mwalimu mkuu peke yake ofisini huku soda zimefunguliwa. Mgeni anayeingia mlango mmoja na kutokea mlango huo huo anamwongezea uzito mwenye mlango, hata kama hakukusudia. Kaeni na walimu nusu saa, mwalimu mkuu akiwa darasani anafundisha. Mtajua mengi, na atakuwa na kipindi cha kufundisha.

Gharama ya mabadiliko haya ni makufuli yenye funguo mbili mbili kwa kila nyumba, daftari la kamati, mbao za matangazo, na nauli ya boti ya vikao viwili kwa mwaka kwa kila kata. Nimeiweka katika ukurasa wa mwisho wa makisio, chini ya rangi. Kama fedha zitapungua, naomba tupunguze rangi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, boti ya Nyamisati inayowarudisha wajumbe wa Mbuchi na Msala inafuata maji ya saa tisa na nusu, na hapa hadi Nyamisati kuna mwendo. Kwa hiyo naomba kipengele cha funguo kijadiliwe kabla ya kipengele cha mabati, wajumbe wa delta wakiwa bado ukumbini.